Dada Masjala na Karata za Jumamosi

Dada yetu, tuliyemzoea kwa jina la Dada Masjala, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Mimi ninayesoma wasifu huu ni kitindamimba, na ukali wake naujua kuliko ninyi nyote.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975, akiwa wa pili darasani. Dada hakumsamehe yule wa kwanza mpaka alipostaafu.

Mwaka 1979 aliajiriwa masjala ya hospitali, akatunza mafaili ya wagonjwa kwa miaka thelathini na tisa. Ukitaja jina tu, keshajua rafu. Sasa ole wako ukae naye kwenye karata! Kila Jumamosi saa tisa alasiri walicheza wanne sebuleni kwake: yeye, nesi mstaafu, fundi bomba na mwalimu wa hesabu. Hakuna karata iliyotupwa mezani asiikumbuke. Mwalimu, shikamoo, lakini ukweli usemwe: ulifungwa miaka ishirini mfululizo.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa. Shemeji hakucheza. Alisimama nyuma ya kiti cha mkewe na trei ya chai, na akiona turufu mkononi mwake, anaanza kuimba puani. Meza nzima inajua! "We baba, hebu nenda jikoni, unaniuza!" dada alikuwa akifoka, nasi tunacheka mpaka machozi.

Februari 2024 figo zilianza kumsumbua. Kifo hakikumtisha. Aliniambia, "Mdogo wangu, nikiondoka huyu atajifungia na saa zake. Hana rafiki hata mmoja, wote ni wangu." Vidole vilipokosa nguvu, alimwita shemeji amshikie karata pale kitandani, yeye akimnong'oneza atupe ipi. Wiki baada ya wiki akapunguza kunong'ona, mwisho akawa anafumba macho tu. Shemeji akadhani amelala, akacheza mwenyewe. Jumamosi tarehe 9 Novemba akawafunga wote watatu. Dada akafumbua jicho moja: "Kumbe unaweza! Miaka arobaini unaniletea chai tu?" Shemeji akacheka huku analia, na sisi vilevile.

Alituacha Jumanne tarehe 12 Novemba, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, na wachezaji wenzake watatu, ambao aliagiza mwenyewe wasomwe pamoja na familia. Jana nesi alimwuliza shemeji, kwa woga, kama Jumamosi waje. Shemeji akafuta miwani yake, akajibu, "Saa tisa. Asichelewe mtu."

Pumzika kwa amani, dada. Hatakuwa peke yake.