Mpaka Gari Jipya Lifike: Risala ya Madereva Wenye Ulemavu wa Roccasera

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Loredana Vescovi, Diwani wa Barabara na Hewa Safi. Padre Celestino, uliyetufungulia ukumbi wa parokia. Majirani na wanachama wenzetu:

MAKARIBISHO

Tunakushukuru kwa kuja, na zaidi kwa kuja kwa miguu. Tulikuona ukipanda Mtaa wa Wafinyanzi huku umeshika ukuta, kwa kuwa mawe ya barabara yameshika barafu tangu juzi. Hatukucheka. Waliocheka ni wachache, nao wamekwisha kukemewa.

Karibu ukae karibu na jiko. Polenta, ugali wetu wa mahindi, na soseji vitaletwa tutakapomaliza, na akina mama wa parokia wametuonya kwamba polenta haimngoji msemaji. Kwa hiyo tutasema yaliyo ya lazima tu.

SISI NI NANI

Sisi ni madereva. Twalitanguliza neno hilo kwa makusudi, kwa maana watu wengi wakitutazama huanza na miguu.

Umoja wetu ulizaliwa katika karakana ya marehemu Fundi Oreste Galvani, na aliyeufungua mlango wa karakana hiyo kwanza ni Ersilia Bonfanti. Wakati huo alikuwa msichana aliyetoka tu kujifunza kazi ya kutengeneza kodiani, vile vinanda vya mkono. Polio ilikuwa imemwachia mikono yenye nguvu na miguu isiyomtii. Kila asubuhi kaka yake alimpakia garini kama gunia, akamshusha kazini, na jioni alimsahau mara nyingi kuliko alivyomkumbuka.

Ersilia alimwambia fundi, "Mzee Oreste, nataka gari langu mwenyewe."

"Utaliendesha kwa kitu gani, binti yangu?"

"Kwa mikono. Kwani wewe unanyolea ndevu kwa miguu?"

Oreste alicheka, kisha akaacha kucheka akachukua kipimo. Alipima urefu wa mkono wake, upana wa kiganja, na mahali bega linapoanza kuuma. Akamtengenezea pete ya mafuta nyuma ya usukani, ya kuongezea mwendo kwa vidole, na wenzo wa breki upande wa kushoto. Ersilia alizunguka uwanja wa karakana peke yake mara ya kwanza. Alizunguka tena, na tena, mpaka Oreste akapiga kelele, "Mama wee, niachie njia nikale!"

Tangu siku hiyo tulimfuata mmoja mmoja. Magari yamebadilika, lakini pete na wenzo Ersilia alivihamisha kutoka gari hadi gari, kwa sababu vilifanywa kwa mwili wake na si kwa mwili mwingine wowote.

TULIYOYAPATA

Si haki kuja mbele yako na manung'uniko peke yake. Mji huu umetutendea mema. Tuna kadi za buluu za kuegesha. Tuna nafasi zilizochorwa kiti cha magurudumu, mojawapo ikiwa mbele ya duka la Ersilia, ndani ya kuta za mji wa kale, ambamo gari haliingii bila kibali. Siku ya soko muuza jibini huliweka gari lake papo hapo, akisema "dakika moja tu, shangazi," na dakika hiyo huwa ndefu kama misa ya Pasaka. Lakini siku hizi huliondoa bila kutukana, nasi tumelihesabu jambo hilo kuwa ni maendeleo.

Tena kuna habari ya kamera, ambayo twaisimulia wenyewe kabla hujaisikia kwa wengine. Miaka mingi Lango la Chini lilikuwa na mlinzi, Bwana Nazzareno. Ulipunguza mwendo, ukashusha kioo, ukamwonyesha kadi, naye akakuuliza hali ya mgongo wako. Kamera ilipowekwa mahali pake, sisi sote tuliendelea hivyo hivyo. Tulisimama, tukashusha kioo, tukaliinulia kadi lile jicho la kioo. Baadhi yetu tulilitakia siku njema. Ersilia, kwa uaminifu, alikuwa akivua kofia ili sura yake ilingane na picha ya kwenye kadi.

Kamera haikusoma kadi wala sura. Ilisoma namba za gari, ambazo hatukuwa tumeziandikisha, kwa maana tulidhani kibali ni cha mtu. Tukaanza kupelekewa adhabu nyumbani, kila moja na picha: mkono umenyoshwa, kadi juu, dereva anatabasamu.

Mkuu wa askari wa barabarani alizitandaza picha hizo mezani, akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa nyinyi mlikuwa mnamsalimia nani?"

"Nazzareno," akajibu Ersilia. "Hatukuambiwa kwamba amestaafu."

Mkuu alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Akazifuta na adhabu pia, akaamuru namba zetu ziandikishwe siku ile ile. Tangu hapo tumejua kwamba katika ofisi za mji huu wamo watu, na ndiyo sababu leo tunazungumza na wewe bila hofu.

LINALOTUSUMBUA

Mheshimiwa, hatukuja kutetea moshi. Katika safu ya mbele ameketi Bwana Gualtiero Sarti, ambaye mapafu yake yaliharibika kiwandani na ambaye hatembei bila mtungi wake wa hewa. Ulipotangaza eneo la hewa safi ndani ya kuta, magari ya zamani yenye moshi yasiingie humo, yeye alipiga makofi kuliko watu wote, na alikuwa na haki.

Yeye na Ersilia wamegombana juu ya jambo hili katika ukumbi huu huu.

"Gari lako linakohoa kuliko mimi!" alimwambia.

"Na wewe unanung'unika kuliko gari. Afadhali lenyewe hunyamaza ninapolizima."

"Linunulie dawa, basi!"

"Nimeagiza jipya, mzee wangu. La umeme. Umefurahi? Au nikuletee na maua?"

Ni kweli, ameagiza. Gari lenyewe limekwisha kufika kwa mafundi wa mkoa, wale pekee waliobaki wanaojua kutengeneza pete na wenzo baada ya kifo cha Oreste. Lakini mafundi hao ni wachache na wanaowangojea ni wengi. Wamemwambia kwamba halitakuwa tayari kabla ya Pasaka.

Ruhusa maalumu ya magari yetu ya zamani, ile iliyotuwezesha kupita katika eneo la hewa safi, ilikoma mwaka ulipokwisha. Ersilia alikwenda ofisini kabla ya Krismasi kuomba aongezewe muda. Kijana wa dirishani alimsikiliza kwa adabu, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mama, kadi yako ni halali mpaka mwaka kesho kutwa. Kuegesha unaruhusiwa."

"Niegeshe wapi?"

"Mbele ya duka lako. Nafasi ni yako."

"Nitaifikiaje?"

Kijana akainamisha kichwa. "Hapo ndipo mtambo unapokataa, mama. Sina mamlaka. Nisamehe."

Ndivyo ilivyo mpaka leo, Mheshimiwa. Mji umempa mahali pa kusimamisha gari na kumnyima njia ya kufika pale. Kutoka Lango la Chini hadi dukani ni mwinuko ule ule ulioupanda leo huku umeshika ukuta. Kiti chake cha umeme huteleza juu ya mawe hayo hata wakati wa kiangazi. Magari ya wenzetu yanayoruhusiwa kupita hayana lifti ya kukipakia, na bila kiti hicho, akifika ndani, atakaa pale alipowekwa mpaka atokee mtu wa kumhamisha. Vijana wa parokia walijitolea kumbeba. Aliwajibu, "Asanteni, wanangu, lakini mimi si sanamu ya mtakatifu nipitishwe mjini mabegani."

Duka limefungwa tangu mwaka mpya. Mezani kuna kodiani tatu za wapigaji wa karnivali, ile sherehe ya kabla ya Kwaresima, zilizofunguliwa vifua, na hakuna mwingine mjini anayeweza kuzirudishia sauti. Mwenye nyumba, ambaye si mtu mbaya, ameanza kuuliza kama atarudi. Naye Ersilia, ambaye hatujapata kumsikia akikata tamaa, alimwuliza Gualtiero wiki iliyopita, "Unadhani ni wakati wangu wa kukaa nyumbani?"

Gualtiero alimjibu kwa tusi ambalo hatuwezi kulisoma mbele ya Padre. Kisha akaja kwetu, akasema ombi la kwanza liandikwe kwa jina lake.

MAOMBI YETU

Ombi la kwanza, basi, ni la Gualtiero Sarti. Anaomba kwamba mwanachama yeyote aliyekwisha kuagiza gari safi, na anayeweza kulithibitisha, aruhusiwe kupita na gari lake la zamani mpaka lile jipya litakapokuwa tayari. Lisipite siku moja zaidi. Ametuagiza tuongeze maneno yake mwenyewe: "Nimevuta moshi wa kiwanda miaka yote ile kwa faida ya wenye kiwanda. Nitauvuta wa Ersilia mpaka Pasaka, na nitalalamika kila siku."

La pili, kibali kimfuate mtu. Siku dereva anapopakiwa katika gari la jirani au la mpwa wake, aweze kupiga simu na kutaja namba za gari hilo, na ahesabiwe kuwa yumo ndani ya sheria.

Tulikuwa na maombi mengine juu ya barafu na juu ya muuza jibini. Tumeyaacha, yasije yakayafunika hayo mawili.

Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji kikao cha baraza. Huenda umekuwa ukimtafuta Ersilia kwa macho miongoni mwetu. Hayumo. Yuko chini, nje ya Lango, ndani ya gari lake. Amelizima ili lisitoe moshi, na amejifunika blanketi mbili. Tulimsihi apite leo tu, tukisema kwamba hakuna atakayemwadhibu siku ya mgeni. Alikataa. Alisema hawezi kuja kuomba sheria ibadilishwe huku ameivunja njiani.

Twakuomba, Mheshimiwa, kabla ya polenta, uteremke pamoja nasi ukampe mkono. Hatukuombi utie sahihi barabarani. Twaomba ukae kidogo kwenye kiti cha abiria, uitazame mikono yake ikishika pete na wenzo, umwulize lo lote utakalo. Yeye hakututuma tumwombee huruma. Alitutuma neno moja, nasi twalifikisha kama alivyolisema: "Mwambieni Diwani kwamba nina kazi ya kufanya."

Mwenyezi Mungu akulinde katika mteremko huu na katika kazi uliyokabidhiwa, aibariki nyumba yako, na aupe mji wetu hewa safi na milango iliyo wazi kwa wote wanaokaa ndani yake.

Ni sisi, kwa heshima na kwa matumaini,
Umoja wa Madereva Wenye Ulemavu wa Roccasera