Tambi za Donatus Zimekosa Nini?

Pale Nyahanga, nje ya duka la vipuri vya karasha za kusaga mawe ya dhahabu, kuna benchi la kahawa lenye wataalamu wa kila kitu isipokuwa kazi. Jumamosi ile Donatus, mchimbaji, alifika na bakuli la tambi na moyo mzito. Mkewe Asteria, mjamzito wa miezi minne, siku ya tatu sasa chakula hakikai tumboni. Alitamani kitu kimoja tu: tambi za mafuta ya vitunguu, zile alizokuwa akizipika kwenye kambi ya Wachina. Alimwelekeza mumewe, mume akapika, mke akaonja, akalisukuma bakuli. Donatus aliumia sana. Alitaka Asteria ale, basi.

— Onjeni, mniambie nimekosea wapi.

Boaz, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kufunga pampu moja ikafanya kazi, alivuta uzi mmoja.

— Mbona haina ladha, mwanangu? Umepikaje?

— Nimekaanga majani ya vitunguu, moto mdogo, mpaka yakawa ya kahawia. Harufu hadi kwa jirani! Nikachuja kwa kitambaa kama tunavyoosha dhahabu, kilichobaki juu ndiyo mali. Nikachanganya na tambi na soya sosi.

— Kuchuja uko sawa, alisema Injinia. Kosa ni maji. Haya yetu ya ziwani yamezoea sato. Tambi ya Kichina hayaijui.

— Yaya! alipinga Bartholomeo, yaani Profesa. Kosa ni uma. Mchina anakula kwa vijiti, ladha inatoka kwenye mti. Ndiyo maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapa?

— Si Injinia kataja sato?

Injinia hakukubali kushindwa.

— Sikilizeni. Tambi hizi zimesafiri baharini miezi miwili, zimechoka! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zilazwe kwanza.

— Nizilaze wapi, kitandani na Asteria?

— Popote, ila zielekee kwao, mashariki.

Kwa jinsi alivyompenda mkewe, Donatus alianza kuangalia jua lilichomozea wapi. Hapo akapita Bernadina, muuza vitunguu, beseni kichwani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Mnabishania nini?

Walimsimulia yote. Bernadina akaonja, akawatazama mmoja mmoja.

— Na hayo mafuta yaliyonukia hadi kwa jirani, mliyapeleka wapi?

Profesa alichungulia kikombe chake. Injinia akakohoa. Benchi zima lilikuwa la waosha dhahabu, na hakuna aliyewahi kuulizwa kilichopita chini ya kitambaa kilienda wapi.

— Nilipaka bawaba za mlango, alisema Donatus taratibu. Ulikuwa unalia.

— Na mgonjwa yuko wapi sasa?

— Yuko hapohapo mlangoni, mama. Tangu asubuhi pua ameiweka kwenye bawaba. Nikimwita ndani, hataki.