Ufunguo Alioukataa Mzee Pazi

Mzee Pazi Mwinshehe, fundi mkuu wa karakana ya kampuni yetu ya chumvi hapa Bagamoyo, alistaafu Ijumaa ya tarehe 28 Februari 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Wasifu wake nilikuwa nimeshauandika na kuukabidhi kwa wahariri wa jarida la kampuni wiki moja kabla. Imebidi niuandike upya wote, maana alichotufanyia siku ya kuagwa, mpaka leo sijakiamini.

Aliajiriwa mwaka 1991 kama msaidizi wa fundi. Alikuja kwa baiskeli kutoka Mlingotini, na siku hiyohiyo akakabidhiwa Landrova kuukuu, gari lililokuwa halijawaka kwa miezi saba. Likawaka siku ya tatu. Tangu hapo likawa lake kwa kila kitu isipokuwa kadi. Mimi ndiye dereva wa gari hilo, na nakiri kwamba kwa miaka kumi na miwili nimeliendesha kwa ruhusa yake zaidi kuliko ya meneja.

Kwa masikio hakuna aliyemfikia. Lori letu lilipozima Fukayosi na shehena yake, mimi nikiwa usukani, nilimpigia, akaniambia niweke simu karibu na injini kisha nipige stata. Akasikiliza, akanitajia waya uliokatika na upande ulipo. Nilipouunga lori likawaka, na wanakijiji waliokusanyika wakaniomba namba ya mganga huyo.

Nyumbani kwake sifa hizi hazikupokewa kwa furaha hiyo. Mkewe, Bi Mwaija, aliliita gari lile mke mwenzake, na alikuwa na haki. Ndoa ya binti yao Naila ilichelewa saa nzima, shehe na wageni wamekaa mkekani, baba mtu, ambaye ndiye walii wa kumwozesha, yuko uvunguni mwa Landrova. Alitokea na grisi hadi viwikoni. Bi Mwaija akamletea ndoo na sabuni.

Sote tulijua anachokitaka: akistaafu, aondoke na gari lile. Alishajenga hata banda la kuliweka, pembeni ya nyumba, sakafu ya saruji. Uongozi ukakubali kumpa. Kamati ya kumuaga, mimi nikiwa katibu wake, ikaamua iwe siri mpaka siku yenyewe. Ili asishtukie, mwezi Desemba nikamwambia gari limeuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nilidhani atafoka. Aliomba siku moja ya kuliaga. Akaliosha, akalibadilishia oili, gari analojua linakwenda kukatwakatwa, kisha akafunga boneti na kulisomea Fatiha. Roho iliniuma, nusura nimwambie ukweli palepale. Sikumwambia, kwa kuwa nilijiona mjanja; kesho yake nikaliondoa gari karakanani nikaenda kulificha.

Basi Ijumaa ile, ukumbi umejaa, meneja akatoa ufunguo wenye utepe na kueleza ni wa gari gani. Mikono ilikuwa imeshainuka kupiga makofi. Mzee Pazi akautazama ufunguo, akanitazama mimi, akaurudisha mezani.

"Mikdad mwanangu, gari hili nimeshaliaga," alisema. "Lile banda nimempa mama Naila, anapikia mikate. Miaka yote alipikia nje, mvua ikija anakimbia na majiko. Leo nikamwambie atoke?"

Meneja akapendekeza gari lilale hata uani. Mzee akamjibu taratibu kwamba tatizo si mahali. Tangu Desemba amekuwa akirudi nyumbani mapema, anakaa na mkewe kugeuza makopo ya mikate ya kumimina, na hakuwahi kujua kama nyumbani kwake kuna raha namna ile. Gari likija, alisema, anajijua, atarudi uvunguni. Kisha akanishukuru. Uongo wangu ulimnyima kitu alichokisubiri miaka thelathini na minne, naye akanishukuru mbele za watu. Bi Mwaija, kwenye safu ya mbele, alijifunika uso kwa mtandio.

Aliomba jambo moja tu: yeye na mkewe wapelekwe nyumbani na gari hilo, kama abiria. Njiani gurudumu la mbele, upande wake, likaanza kulia. Nilijua amelisikia. Nikapunguza mwendo, nikingoja aniambie nisimame. Yeye akaendelea kuzungumza na Bi Mwaija habari za nazi za mikate, maana Ramadhani ilikuwa mlangoni na walikuwa wameshaagizwa mikate arobaini. Tulipofika alishuka, akampa mkewe mkono, wakaingia ndani. Gurudumu hakuligeukia.

Mzee wetu, ahsante kwa kutufikisha salama miaka yote hii. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri wewe na mama, na mikate yenu iumuke. Ile sauti ya gurudumu ilikuwa ya beringi. Nimeibadilisha mwenyewe.

Mikdad Shuaibu, dereva