Fundi Vigae na Diski ya Nane

Marehemu, ambaye Jumatano iliyopita alikuwa akibishana na mama yake juu ya mvua ya kwenye televisheni, leo tunamzika. Sentensi hii tumeiandika mara tatu, na mara zote kalamu imegoma. Lakini ndiyo hali.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, mtoto wa tatu na kitinda mimba wa fundi saa, ambaye ametangulia mbele ya haki, na mshonaji, ambaye yuko nasi hapa. Kwa baba alirithi subira, kwa mama akarithi jicho. Mama huyu huona mshono uliopinda akiwa ng'ambo ya barabara.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, kisha sekondari hadi 1988. Kwenye pembe za daftari la hesabu alichora mpanda baiskeli, ukurasa kwa ukurasa, hata ukizipeperusha kurasa unamwona akienda na kuanguka. Mwalimu alilikamata daftari, akalipeperusha, akacheka, akalipeperusha tena, kisha akamwadhibu vilevile. Mwaka 1992 alimaliza chuo cha uchoraji.

Mwaka 1996 aliajiriwa katika karakana ya filamu za katuni, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Kwa wasioijua kazi hiyo: kompyuta hupika picha moja moja, ishirini na tano kwa kila sekunde, kisha picha hizo huunganishwa na kubanwa ili zienee kwenye diski. Ukizibana kupita kiasi, zinavunjika vipande vya mraba. Marehemu aliviita vigae, akavipiga vita maisha yake yote, na wenzake wakambatiza Fundi Vigae. Kuna bwana mmoja aliwahi kupanda ngazi zote zile kuuliza bei ya kutengenezewa sakafu ya bafu. Marehemu alimkaribisha chai kwanza, ndipo akamwambia ukweli.

Hakuna diski iliyokwenda kwa mteja kabla ya kupita kwenye televisheni kuukuu ya mama yake. "Kompyuta inanipamba tu," alisema. "Mama hanipambi." Diski ya kwanza kabisa, mama aliuliza, "Huyu mbona kakatwa kichwa?" Kumbe televisheni ile hula kingo za picha, na tangu siku hiyo marehemu hakuweka tena kitu cha maana pembeni. Yeye alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango akingoja hukumu. Hukumu zilikuwa mbili tu: "Bado," au "Imekaa."

Mke wake alimpata kwa kosa. Mke huyo alikuwa fundi wa sauti palepale karakana. Mwaka 2000, kwa haraka ya mteja, alichukua filamu iliyokwisha kubanwa, akaibana tena, akatoa nakala mia mbili. Marehemu hakufoka. Aliweka moja, akaisimamisha kwenye shavu la mhusika, shavu lote vigae.

"Umekamua chungwa lililokwisha kukamuliwa, dada."

"Sasa tufanyeje?"

"Turudi kwenye mti."

Walirudi kwenye picha za asili, wakafanya kazi bega kwa bega siku tatu. Siku ya tatu hakumwita dada tena. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2001, wakajaliwa mabinti wawili.

Kwa miaka sita alitengeneza katuni ya dakika ishirini na mbili kuhusu mbuzi aliyeogopa mvua. Ilikuwa kazi yake ya kwanza isiyo ya mteja, na aliapa haitatoka mpaka mama aikubali. Ila mvua ni adui wa kubana, kwa sababu kila tone linakwenda, na kinachokwenda hakibaniki kirahisi. Jumatano alipeleka diski ya sita.

"Hii si mvua, ni changarawe," mama alisema.

"Mama nawe! Nani ataona?"

"Mimi nimeona."

Alicheka, akachukua diski yake. "Basi kesho nakuletea ya saba."

Hapa ndipo wasifu hueleza ugonjwa. Hakuugua. Hakuwa na presha wala sukari. Hata mafua hatukumbuki lini. Alhamisi, tarehe 14 Machi 2013, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alimwambia mkewe, "Niwekee chai, sikawii," akashuka ngazi za karakana na diski ya saba mkobani. Alianguka kabla ya kufika chini. Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani. Alifariki saa sita na nusu mchana, na chai ilikuwa bado mezani. Msituulize imekuwaje, maana hata sisi tunaulizana.

Jumamosi mama aliuomba ule mkoba. "Aliniahidi ya saba." Tukaiweka. Dakika ya tatu mvua ikaanza, na pembeni ikavunjika kidogo.

"Bado," mama alisema, kwa mazoea tu. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Mjane aliondoka bila kuaga. Jumapili alifungua kompyuta ya mumewe, akakuta filamu ikiwa imekwisha kubanwa, tayari. Kuitumia ile ingekuwa kazi ya dakika chache, na macho yalikuwa yamevimba, hana nguvu. Mkono ulikwenda, akaurudisha. Kwenye daftari la marehemu alikuta mwandiko wa Alhamisi: "Ya saba, mvua bado. Mama ataiona tu. Ya nane: toa nyongeza zote, mvua ipate nafasi." Akaziondoa kwenye diski nyongeza zote, yaani vionjo na mahojiano, ili nafasi yote iwe ya filamu. Akarudi kwenye picha za asili, elfu thelathini na tatu, akaiacha kompyuta izipitie mara mbili, mara ya kwanza kupima, ya pili kubana. Alikaa nayo hadi mwisho, kwani aliogopa kumharibia mara ya pili.

Jana, saa tisa alasiri, mama aliitazama diski ya nane, mikono mapajani, mpaka mbuzi akatoka nje na kulowa. Mvua ilikuwa mvua. Kisha akageukia kiti cha karibu na mlango.

"Imekaa, baba," alisema.

Kwenye kiti palikuwa na mkoba.

Ameacha mama, mjane, mabinti wawili, dada, kaka, na karakana nzima. Kazi yake imekubaliwa. Sasa na apumzike, kwa amani.