Mama Kesho na Bolti ya Mwisho

Leo, tarehe 30 Juni, Mama Kesho anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya pikipiki na magari ya zahanati kwa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na tisa. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike na kuwasomea ukurasa mmoja wenye heshima. Ukurasa umepatikana. Heshima nimejitahidi.

Jina la Kesho alipewa na wateja, kwa sababu kila aliyeuliza pikipiki yake itakuwa tayari lini alijibiwa neno hilo moja. Mumewe, fundi cherehani, anasimulia kwamba hata yeye alipopeleka posa aliambiwa kesho, na kesho hiyo ikachukua miezi kumi na minne. Wawili hao bado wanacheka pamoja. Sisi tuliojibiwa ndiyo siku hiyo hiyo tunaomba tusiulizwe maswali.

Aliingia hapa akiwa mwosha vipuri, mwanamke pekee kati ya mafundi tisa, nao wakamtabiria wiki mbili. Wote tisa wameshaondoka, wanane kwa kustaafu na mmoja kwa kutoelewana na jeki. Yeye akapanda hadi kuwa mkuu wa meza ya injini, na kabla ya wiki iliyopita hakuna aliyewahi kumwandikia kosa lolote kwenye faili. Mikutano ndiyo iliyomshinda. Alikuwa na kipaji cha kusinzia macho wazi huku akitikisa kichwa, na mameneja watatu mfululizo walimsifu kwa usikivu. Siku moja tu aliamka, kwenye semina ya matengenezo, akanyoosha mkono na kumwarifu mwezeshaji kwa upole kwamba picha ya injini aliyoieleza kwa saa nzima imewekwa juu chini.

Kazi yake ilionekana zaidi kwenye bolti zilizoganda kwa kutu. Sisi wengine tukikutana na bolti ya namna hiyo tunatukana, tunaongeza nguvu, kisha tunatafuta wa kumlaumu. Mama Kesho aliigonga kichwa kidogo kidogo kwa nyundo ndogo, akaidondoshea mafuta mepesi ya kulegeza kutu, akaipa kisogo. Kisha aliandika KESHO kwa chaki ubavuni mwa injini. Chaki hiyo ikishaandikwa, hata meneja hagusi. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyegusa, mpaka nilipogusa mimi.

Jumatatu ya wiki iliyopita ililetwa pikipiki ya mkunga, ile kuukuu ya bluu inayopanda milima ambayo magari yetu mapya huitazama tu. Klachi ilikuwa imekufa. Kuifikia lazima ufungue mfuniko wa alumini wenye bolti tisa. Nane zilitoka. Ya tisa iligoma, ikapata mafuta yake na chaki yake, na Mama Kesho akaenda ofisini kusaini fomu za kustaafu, ambazo zilikuwa nyingi kuliko bolti.

Wakati huo jina langu lilikuwa limeshapelekwa kwa meneja ili nirithi meza ya Mama Kesho, na aliyelipeleka ni yeye mwenyewe. Nikaona nimpokee na habari njema. Spana namba kumi sikuiona, nikachukua namba kumi na moja, nikaiongezea bomba ili nipate nguvu. Nguvu nilipata. Kichwa cha bolti kikalika pembe zote sita, kikawa duara safi kama kifungo cha shati. Kweli, haraka haraka haina baraka.

Meneja alifika kabla sijapumua. Mfuniko wa injini ile hauuzwi tena popote, akasema, na ukipasuka pikipiki imekwisha. Akatoa amri: ikifika Ijumaa mchana haijafunguka, inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kisha akauliza nani kaharibu bolti. Mimi nilikuwa mvunguni mwa gari la chanjo, ambalo siku hiyo halikuwa na ugonjwa wowote. Mama Kesho, aliyekuwa anaingia mlangoni na kalamu ya ofisi bado mkononi, alitazama injini, akatazama viatu vyangu vilivyochomoza chini ya gari, akasema, "Ni mimi, meneja. Macho yamezeeka."

Ikaandikwa kwenye faili lake: uzembe. Barua ya utumishi mwema aliyokuwa akabidhiwe leo ikafutwa. Ndiyo maana kwenye ratiba mliyoshika kipengele cha sita kimekatwa kwa kalamu.

Nilipotoka mvunguni hakunikaripia. Aliniambia tu, "Mwanangu, shika nyundo ndogo." Siku tatu tukagonga na kudondosha mafuta, tukagonga na kudondosha. Mkunga alikuja kila asubuhi, kwa miguu, akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. Ng'ambo ya mlima alikuwa na wajawazito wanne waliokaribia siku zao. Alhamisi Mama Kesho alimwita mchomeleaji, akamwamuru achomelee nati juu ya kile kichwa kilicholika, ili spana ipate pa kushika. Alumini ikiwa bado ya moto akagusisha mshumaa kwenye mzunguko wa bolti, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani. Tukaiacha ikapoa. Niliomba tujaribu hapo hapo. Alinitazama mpaka nikaenda kufagia.

Ijumaa saa tatu asubuhi alinipa spana namba kumi, akaniambia nikaze kwanza, kidogo sana, ndipo nilegeze. Nikakaza. Bolti ikalia. Nikalegeza, ikasogea robo, ikarudi, ikasogea nusu, na mwishowe ikatoka nzima na meno yake yote. Mfuniko haukupata hata ufa. Mchomeleaji alipiga kelele, mkunga alikaa chini sakafuni penye oili na sketi yake nyeupe, na Mama Kesho akaomba chai. Tukabadilisha klachi, na Jumamosi mkunga alivuka mlima kwa pikipiki yake.

Sasa, meneja, najua hukutarajia kusomewa haya mbele ya wageni, na kamati nayo haikuyapitisha. Bolti niliiharibu mimi. Leo asubuhi nimeweka barua mezani kwako yenye jina langu na sahihi yangu. Meza ya injini mpe unayemwona anafaa. Mimi nipo tayari kurudi kuosha vipuri. Ila naomba uzembe ule utoke kwenye faili lake kabla hatujakata keki.

Mama Kesho, nakuona hapo mbele unanikazia macho ninyamaze. Kwa mara ya pili sitakutii. Asante kwa mikono yako, kwa kutufundisha sisi wenye vichwa vigumu, na kwa siku zote hizi ulizobeba mzigo wangu bila kunisimanga. Wenzako wote wa karakana tunakuombea afya na usingizi wa macho yaliyofumbwa. Nenda nyumbani, mama, na jina lako likiwa safi.