Firigisi ya Baba Mkwe

Bajaji ya Mbezi kwenda Kibamba ilipokwama kwenye foleni, Margareta alikuwa keshajua menyu nzima ya nyumba asiyoijua. Dada aliyekaa katikati, bakuli la kachumbari mapajani, hakutulia: mara afunue mfuniko, mara atazame saa. "Wakwe wanakuja saa saba," alimwambia mama mwenye mtandio, abiria tu aliyemkuta mle. "Na joto hili mie sijichoshi. Ndizi za kuchoma, kachumbari, mapaja ya kuku kilo tatu. Tunakaa uani, kila mtu anajipakulia."

"Mapaja matupu?" mama akauliza. "Na firigisi ya baba mkwe?"

Bakuli likatulia.

"Jamani mama, siku hizi nani anaangalia firigisi?"

"Haangalii. Anaitafuta kwa kijiko, kimyakimya."

"Akiikosa atasema?"

"Thubutu. Atakula, atashukuru, atasifia mpaka kachumbari."

"Si afadhali, basi."

"Mwanangu, mkwe akizidisha kusifia, ujue kuna kitu amekiweka moyoni."

Dada akamgusa dereva begani. "Braza, huko mbele kuna wanaouza kuku wazima?" Dereva akasema wapo, kinachokosekana ni njia ya kuwafikia.

Waliposimama Kibamba, dada na yule mama walikuwa bado wanabishana kuhusu firigisi. Margareta akateremka bila kuwaaga. Naye alikuwa anakwenda kula kwa mwanawe, na njia yote iliyobaki alikuwa akikumbuka anavyomsifia mkamwana wake kachumbari, kila Jumapili, mwaka wa tatu huu.