Mikarafuu ya Bi Mwanamwema

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa mawakili, masheikh zetu, mabibi na mabwana wa mjini na wa shamba, na wewe Sheha mstaafu Machano uliyekaa safu ya mbele: assalamu alaykum.

Mimi ni Jaku wa Jang'ombe. Skuli sikukaa, lakini mkarafuu ambao sijaukwea huko upande wa Kizimbani, basi huo bado haujaota. Usicheke, Bi Nassra, na wewe ulikuwa ukiokota karafuu chini yangu!

Nimeitwa kumuaga Wakili Ulfat. Ofisi yake imemwambia achague: kazi, au ule ukurasa wake wa mtandaoni anaotuelezea kesi zinazoamuliwa. Amechagua ukurasa. Mke wangu Bi Bashira ndiye hunisomea, na mimi ndiye hukosoa. Siku alipoandika kesi ya dada yangu Mwanamwema nilimpigia simu nikamfokea.

"Wakili, hujui kitu wewe!"

"Basi nifundishe, babu."

"Babu yako nani? Mimi nna nguvu kuliko mumeo."

"Sina mume, babu."

"Umeona sasa?"

Akaja mpaka shamba, akakaa chini kwenye majani na baibui lake, akasikiliza. Nani kati yenu waheshimiwa amewahi kukaa hivyo?

Nilimwambia hivi. Marehemu baba yake Tahir, jirani yetu, alimuazima ardhi shemeji yangu Abdulwahid, mume wa Mwanamwema. Kwetu ukimuazima mtu ardhi humwambia apande mihogo, asipande mti wa kudumu, maana mti ni wa aliyeupanda hata kama udongo si wake. Lakini mzee yule alisema kwa kinywa chake: "Panda hata karafuu, Abdulwahid. Udongo wangu, miti yako." Tuliosikia tulikuwa wawili, mimi na Machano. Tukanywa kahawa, tukaondoka. Nani angemwambia jirani yake atie saini? Ingekuwa ni kumtukana.

Wazee wale wote wawili wamekufa. Tahir kauza udongo na miti kwa mtu wa mahoteli, dada yangu akashitakiwa ahame. Mahakamani mimi nilisimama kama mnazi, nikasema. Wakasema huyu ni kaka wa mdaiwa, aletwe mwengine. Akaja Machano, akaulizwa, akajibu neno moja: "Sikumbuki." Mwanamwema akatolewa.

Wakili Ulfat hakumtukana mtu. Aliandika kwamba mahakama imeamua udongo ni wa nani, na haikuuliza miti ni ya nani. Akauliza pia: ahadi iliyotolewa mbele ya mashahidi, hufa pale shahidi mmoja anapoamua kusahau? Kwa suala hilo tu, leo tunamuaga. Na nyinyi mawakili mlionyamaza, mmekuja kula biriani yake.

Karafuu za mwaka huu hazikuchumwa. Zimeiva kupita kiasi, zimegeuka mpeta mtini, nyuma ya seng'enge. Na Abdulwahid amezikwa mle mle, chini ya miti yake. Dada yangu husimama getini akamsomea Fatiha mumewe, na mlinzi kampa mgongo.

Rufaa inasikilizwa Alkhamisi. Mimi nshasema yangu, hawataki kunisikia tena. Ukinitoa mimi, aliyebaki duniani aliyeyasikia maneno yale ni mmoja, na yupo hapa.

Machano, tumekwea pamoja, ukateleza, nikakudaka mkono. Leo sikuombi uape. Mwanamwema yule pale, mwenye kanga nyeusi. Mtazame usoni, umwambie: "Sikumbuki." Tunakungoja.

Haya, sema.

Mbona unatazama viatu?

Wakili, nenda salama. Ukifika kwako andika kwamba ameulizwa mbele ya watu wote hawa, hakuweza kusema kuwa hakumbuki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, na nyote mlionivumilia, nashukuru kwa masikio yenu. Kipaza sauti sikizimi. Namuachia Machano.